Bibi Aliyetuonjea Tambi za Kikorea

Wewe unayenisikiliza, kama nyumbani kwako kuna mtu ambaye pilipili moja ndani ya mchuzi humharibia siku nzima, kaa nami kidogo. Huenda ni mama yako. Huenda ni wewe mwenyewe na unaona haya kusema. Nataka kukueleza habari za bibi mmoja wa Tabora aliyekuwa na duka kando ya barabara iendayo Chemchem. Sote tulimwita Bibi Mwenye Duka, na kwa mkato, Bibi. Jina lake kila mtu alilijua na hakuna aliyelitumia. Nilinunua kwake kwa zaidi ya miaka ishirini, mwanzoni chumvi na viberiti, baadaye tambi za Kikorea, na ni kwenye hizo tambi nilipomjua hasa.

Usishangae. Tambi za Kikorea zilifika Tabora kama vilivyofika vitu vingine. Vijana wetu walianza kutazama tamthilia za Kikorea zilizotiwa sauti za Kiswahili, wakaona watu wanavuta tambi kwa vijiti kutoka kwenye sufuria ndogo huku wamefumba macho kwa raha, nao wakazitaka. Bibi aliulizwa mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano akaagiza boksi moja kutoka Kariakoo, likaja kwa basi. Watu wazima walimcheka. Yeye akawajibu kwamba mji huu haujawahi kujilisha wenyewe. Watu wa kwao walipita na misafara kwenye njia ile ya zamani ya Kwihara, na alisema bizari ilikuja kichwani mwa mpagazi, mchele nao ulikuja kwa miguu, na kila kimoja siku ya kwanza kilichekwa. "Leo nani anaucheka wali?" aliuliza, na hakungoja jibu.

Jambo ambalo wageni wa duka lile hawakuliamini ni kwamba Bibi hakula pilipili. Duka lenyewe lilinuka karafuu na pilipili manga tangu mlangoni. Aliweza kushika pilipili kavu kiganjani akakwambia ni ya mwaka huu au ya mwaka jana. Achari yake ya ndimu ilinunuliwa na nyumba zote za Waarabu wa mjini, hata zile zenye wapishi wao, na yeye mwenyewe hakuwahi kuiweka mdomoni. Aliwapa binti zake waonje, naye akawatazama machoni. Macho yakitoa maji, achari iko tayari. Nyumbani alikula wali mweupe na mchuzi wa karanga, kila siku ya Mungu. Alikuwa na vidonda vya tumbo, lakini mwenyewe alisema vidonda ni kisingizio tu, ulimi wake ulikuwa wa mtoto mchanga tangu zamani.

Tamthilia nazo alizikemea. Televisheni ndogo ilikaa juu ya friji, na kila alasiri alisema kwamba mtu mzima anayelia kwa ajili ya mapenzi ya Wakorea hana kazi ya kufanya, huku akipangusa pua kwa pembe ya mtandio. Ukimuuliza nini kimetokea jana, alidai hakuona. Ukikosea jina la yule daktari kijana wa tamthilia, alikusahihisha.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na watu wa kazi yangu tunapenda kueleza jambo hatua kwa hatua, basi niruhusu nikueleze namna Bibi alivyouza tambi. Hukuchukua pakiti mwenyewe ukaenda zako. Aliziweka nyuma yake kwenye rafu tatu. Rafu ya juu zilikaa zisizowasha, ya kati zinazowasha kidogo, na chini kabisa, karibu na sabuni, zile za moto. Kwa sababu maandishi ya Kikorea hakuyajua, alibandika vikaratasi vyake mwenyewe kwa mwandiko wa madrasa. Juu aliandika "haiwashi". Katikati, "inawasha kidogo". Chini aliandika "muulize kwanza atakayekula".

Ukishaomba, alikuuliza maswali. Nani atakula? Na nani mwingine? Kisha lile la tatu, ambalo wengi walilichekea: huyo mwingine, chakula kikimwasha, atakwambia?

Kijana mmoja wa sekondari aliwahi kuchoka na maswali hayo mbele yangu. "Bibi, kwani unauza tambi au unatoa paspoti?"

"Paspoti ukikosa unarudi nyumbani," Bibi akamwambia. "Tambi ukikosea unarudi chooni. Haya, nani atakula?"

Kijana akasema ni dada yake mjamzito, na akaondoka na pakiti ya rafu ya juu.

Kutoka kwake nilijifunza kwamba rangi ya pakiti haitoshi. Nyekundu mara nyingi ni moto, hilo kweli, lakini zipo nyeupe na za waridi zinazoficha. Zenye picha ya jibini ndizo zilizowadanganya watu wengi zaidi. Bibi alisema jibini ni shuka lililofunika jiko, linapunguza mwanga lakini joto liko pale pale. Zile tambi nyeusi zenye sosi ya maharage meusi zinatisha macho, zinafanana na chakula kilichoungua, kumbe ni tamutamu na zina chumvi, na mtoto wa miaka minne anaweza kuzila. Zipo zenye mchuzi mweupe wa mifupa ya ng'ombe, laini kama supu ya kongoro ya asubuhi. Hizo ndizo alizompa mtu anayeanza. Za mchuzi wa samaki na mwani aliziweka rafu ya kati, kwa sababu nyingine ni pole na nyingine si pole, na kila boksi jipya aliliona kama mtu mpya. Nyuma ya pakiti alitafuta kwanza alama ya halali, kwa kioo cha kukuzia kilichofungwa uzi shingoni. Isipokuwepo, pakiti haikupanda rafu yoyote, hata iwe tamu kama asali ya Sikonge.

Na aliionja kila aina mwenyewe. Hapo ndipo watu waliposhindwa kumwelewa. Mtu asiyeweza pilipili, mwenye vidonda, kwa nini asimwachie kazi hiyo binti yake anayekula achari kama njugu? Bibi alisema binti yake ataionja tambi ya moto na kusema ni ya kawaida. Mpimaji mzuri wa uzito, alisema, ni yule ambaye hata kilo moja inamlemea. Siku za kuonja alikuwa na bakuli dogo, kijiko, na kikombe cha maziwa ya mgando pembeni, na usoni mwake ungejua pakiti inakwenda rafu gani kabla hajatamka neno.

Lakini hakuanza hivyo, na sasa nifike kwenye kosa lake, kwa sababu mimi nilikuwemo.

Mdogo wangu Tatu alikuwa ameposwa na kijana wa Goweko, mtoto wa wakulima wa tumbaku. Wazee wa kijana walikuwa waje kwetu mara ya pili kuzungumza mahari, na Tatu akataka kabla ya wali na nyama wapate kitu kidogo kipya, waone kwamba binti huyu anajua mambo ya dunia. Wakati huo Bibi alikuwa na aina mbili au tatu tu za tambi za Kikorea, na alikuwa hajaonja hata moja. Tukamwambia tunataka ya wageni wazito. Akatazama pakiti zote kwa makini, akachagua yenye picha ya kuku. Hoja yake ilikuwa ya mtu wa Tabora kabisa. Mchuzi wa kuku ni chakula cha mgonjwa na cha mkwe, hauna ubaya. Kuku yule alichorwa na kitu kinamtoka mdomoni, na Bibi akatueleza kwamba ule ni mvuke wa supu.

Wewe huenda umeshamjua kuku huyo. Sisi tulikuwa hatujamjua.

Wazee walikuwa watatu. Sasa lazima ujue kwamba kwetu mtu aliyekuja kuposa halaumu chakula cha nyumba anayoposa, wala habakizi. Basi walikula. Baba wa kijana alikula kijiko cha kwanza, akatoa leso, akala cha pili. Jasho lilimshuka kutoka kwenye kofia hadi kwenye ndevu. Mzee wa pembeni yake alishika goti la mwenzake na hakuliachia mpaka bakuli likaisha. Mimi nilikuwa mlangoni nimebeba maji ya kunawa, nikadhani ni joto la Oktoba. Maji waliomba mara moja tu. Walishukuru, wakagusa wali kidogo sana, wakaaga, na mahari haikuzungumzwa siku ile.

Wiki ya kwanza mshenga hakuja. Wiki ya pili hakuja. Ya tatu tukamfuata sisi, jambo ambalo upande wa binti haulifanyi, naye akatueleza huku akitazama chini. Kule Goweko wazee walikuwa wamekaa na kulizungumza. Walisema wapo watu wanaoona haya kumkataa mchumba kwa mdomo, wakamkataa kwa bakuli. Watu hawa wa mjini, walisema, wametulisha moto ili tukatae sisi, wao wabaki wasafi. Kijana alijaribu kusema ni chakula tu, akaambiwa hajui kitu.

Tatu hakulia mbele yetu. Alikunja vitenge alivyokuwa ameanza kushona na kuviweka chini ya kitanda, na nilipoona hivyo nilikwenda dukani, si kugombana, ila kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Bibi alisikiliza hadi mwisho. Akaichukua pakiti ya kuku, akaichemsha pale pale kwenye jiko la umeme la chai, akaonja nusu kijiko. Alikaa kwenye gunia la mchele muda mrefu mkono ukiwa kifuani. Kisha akasema kesho tunakwenda Goweko.

Tulikwenda kwa gari la jirani, yeye na mimi, tukapita mabani ya kukaushia tumbaku yakiwa bado matupu. Alibeba kikapu chenye pakiti mbili na chupa ya asali. Baba wa kijana alitupokea vizuri, kama mtu anavyompokea mgeni ambaye hakumwita. Bibi akasalimu kwa Kinyamwezi chake cha mjini, akaomba mama mwenye nyumba amruhusu atumie moto wake. Akapika pakiti ile ya kuku, akatia sosi yote, akakaa kwenye kigoda mbele ya mzee, akaanza kula.

Kijiko cha kwanza kilipita. Cha pili kilipita. Machozi yalimtoka hadi kwenye kidevu, naye akachota cha tatu. Nilijua tumbo lake, nikataka kuinuka, akanitazama nikakaa.

"Bi mkubwa," mzee akasema, "unafanya nini?"

"Nakula nilichokulisha, mzee mwenzangu. Tambi hizi zilitoka kwangu. Watoto hawa waliniuliza, mimi nikawachagulia bila kuonja. Kama kuna aliyekukosea, ni huyu unayemwona."

Akapeleka mkono tena kwenye bakuli. Mzee akamshika kifundo cha mkono, akalivuta bakuli upande wake. Akaomba pakiti, akaitazama kwa muda, akaigeuza kwenye mwanga.

"Na huyu kuku?"

"Nilidhani anatoa mvuke wa supu."

Mzee akamtazama Bibi, akaitazama tena ile picha. "Huyu kuku anaungua, bi mkubwa," alisema, na mabega yakaanza kumcheza. Mkewe alicheka kwanza, kwa sauti, kutoka jikoni. Baadaye mzee alitueleza kwamba alipofika kijiko cha nne siku ile aliomba dua ya safari, na mzee mwenzake aliyemshika goti alikuwa akimkumbusha asiseme neno. Bibi akapewa maziwa ya mgando, akanywa vikombe viwili. Kisha akapika ile pakiti ya pili, ya mchuzi mweupe, akavunjia yai, akakatia uyoga wa porini uliokuwa umekaushwa pale nyumbani. Mzee alionja kwa ncha ya ulimi kwanza. Akala yote, safari hii bila leso.

Mshenga alikuja Jumamosi iliyofuata. Tatu sasa ana watoto watatu huko Goweko, na mkwe wake bado anamtania kila akiweka sufuria jikoni, anamuuliza kama kuku amezimwa.

Watu wakisimulia kisa hiki hukifanya cha kuchekesha, na Bibi mwenyewe alikicheka. Lakini kwa siku mbili baada ya Goweko alilala na duka likafungwa, na aliporudi ndipo rafu tatu zilipoanza, na lile swali la tatu. Aliniambia siku moja, akipanga pakiti, kwamba pilipili si adui. Mtu anayeipenda na aile, ni neema. Aliyemsumbua ni yule ambaye heshima imemfunga mdomo, na wako wengi: mkwe, mgonjwa, mfanyakazi wa ndani, bi harusi wiki ya kwanza. "Hao hawatakwambia," alisema. "Lazima mtu aonje kwa niaba yao."

Mara ya mwisho nilipokaa naye vizuri ilikuwa masika ya mwaka jana, aliponiita nyumbani kwake. Alikuwa ameugua homa ndefu, duka likawa mikononi mwa binti yake mkubwa. Nilimkuta sebuleni amejifunika shuka, amepungua, macho yale yale. Nilitoa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza shule, akaniuliza Tatu. Kisha akaniambia jambo ambalo, nadhani, hakuwa amemwambia mtu nje ya nyumba. Tangu homa ile hasikii ladha. Chumvi, sukari, ndimu, vyote ni maji. Binti yake alikuwa amempa kipande cha achari akakitafuna kama mkate.

"Mwalimu, sasa mimi ni rafu gani?" aliniuliza, akatabasamu kidogo, na mimi sikuweza kutabasamu.

Limekuja boksi jipya, akasema. Pakiti ni nyeupe, ina picha ya bakuli la mchuzi wa maziwa, na binti yake ameshaionja akasema haina pilipili kabisa. Kabla haijapanda rafu ya juu, alitaka ulimi mwingine. Akaagiza niletewe bakuli.

Nilikula. Mwanzoni ulikuja utamu wa maziwa na kitunguu saumu, nikasema ni nzuri. Nikala tena. Nikiwa kwenye kijiko cha tatu, ukaja moto kutoka nyuma ya koo, taratibu, ukapanda hadi masikioni. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, mikono imeshikana, huo ukiwa mwezi wake wa kwanza wa kubeba duka lote. Bibi alikuwa ananitazama. Nilifikiri: mama mgonjwa, binti anajitahidi, boksi limeshafika, na moto wenyewe si mkubwa hivyo. Nikasema tena kwamba ni nzuri, ni laini.

Bibi akanyoosha mkono wake mwembamba, akagusa paji la uso wangu, akatazama vidole vyake vilivyolowa.

"Sikukuita unistahi," alisema. "Nimekuita unionjee."

Niliona haya kwa namna ambayo sijaona tangu utotoni. "Inawasha, Bibi," nikasema. "Inachelewa, lakini inawasha. Mama yangu asingeiweza."

Akageuka kwa binti yake, bila ukali, akamwambia boksi likae chini, karibu na sabuni, na akamwambia kwamba hakukosea, ila ulimi wake umezoea. Binti akaitikia, akakaa nasi. Halafu Bibi akanitaka nimweleze ule mchuzi mweupe wa mifupa una ladha gani, kwa sababu ameanza kuusahau. Nilimweleza kadiri nilivyoweza: chumvi kidogo, mafuta, kitu kama moshi wa mbali. Alisikiliza amefumba macho, akasema ndivyo, ndivyo hasa. Alifariki kabla ya mavuno.

Tangu hapo, siku za boksi jipya, binti yake hunipigia simu baada ya vipindi, nami nakwenda na kikombe changu cha maziwa. Lakini mimi nipo Tabora na wewe huenda uko mbali, kwa hiyo fanya hivi. Ukinunua pakiti usiyoijua, chemsha tambi peke yake kwa dakika nne, umwage nusu ya maji, na utie robo tu ya unga au sosi iliyomo. Onja vijiko vitatu, si kimoja, kisha subiri uhesabu hadi mia. Midomo ikiwa bado imetulia, ongeza robo nyingine na uonje tena. Ikianza kuwaka, simama hapo, tia yai na maziwa kidogo, na sosi iliyobaki iweke mezani kwenye kisahani, kila mtu ajitilie mwenyewe.